Swichi Iliyokwisha Kuwashwa: Nani Anaamua Kompyuta ya Nyumbani Iseme Nini?

Kompyuta mpya inapowashwa nyumbani kwa mara ya kwanza, mambo mengi huwa yameshaamuliwa. Imeshaamuliwa kama itamtumia mtengenezaji taarifa za programu zinazofunguliwa, kama itampa mtumiaji namba ya utambulisho kwa ajili ya matangazo, kama itatoa habari za mahali ilipo, na kama itajifunza kutokana na yale yanayoandikwa kwenye kibodi. Mwenye kompyuta ama hakuulizwa, ama aliulizwa kwa namna iliyomsukuma kwenye jibu moja. Mazungumzo kuhusu faragha huanzia hapo na kuishia kwenye orodha ya vitufe vya kuzima. Orodha hiyo ina manufaa, na makala haya yataifikia. Lakini kabla ya kuuliza vitufe hivyo vinazimwaje, inafaa tuulize kwa nini vilikuja vikiwa vimewashwa. Ushahidi wa miaka ya karibuni unaonyesha kwamba hali ambayo swichi huja nayo ndiyo uamuzi wenyewe, kwamba watengenezaji wanalijua hilo kuliko wanunuzi, na kwamba wamekuwa wakirudi nyuma walipobanwa. Kwa hiyo nashikilia mambo mawili kwa pamoja: kila nyumba izime kisichohitajika, na sheria idai kwamba kisichohitajika kije kikiwa kimezimwa.

Tuchukue mfumo endeshi ulioenea zaidi kwenye kompyuta za nyumbani. Microsoft ilitoa Windows 10 tarehe 29 Julai 2015, na kwa mwaka mmoja ikawapa bure waliokuwa na Windows 7 na Windows 8.1. Katika hatua za mwisho za kuiweka, kioo kilionyesha ukurasa wa kumhimiza mtumiaji aanze haraka. Palikuwa na kitufe kikubwa cha kukubali mipangilio ya haraka. Pembeni, kwa herufi ndogo zisizo na umbo la kitufe, palikuwa na maneno ya kumruhusu ajichagulie mwenyewe. Aliyebofya kitufe kikubwa aliruhusu kwa mkupuo mmoja matumizi ya mahali alipo, namba ya utambulisho wa matangazo, utumaji wa taarifa za uchunguzi wa mfumo, na matumizi ya sauti na maandishi yake. Aliyeyaona yale maandishi madogo alifika kwenye kurasa za swichi ambazo nazo zilikuwa zimeshawashwa. Leo maswali yametenganishwa: anayeweka Windows 11 huulizwa moja baada ya jingine kuhusu mahali alipo, kutafuta kifaa kilichopotea, taarifa za uchunguzi, maandishi, mapendekezo yanayomlenga na namba ya matangazo. Hayo ni maendeleo ya kweli. Hata hivyo, kwa kawaida jibu la kukubali huwa limeshachaguliwa, na mtu mwenye haraka ya kuanza kazi hubofya mbele, mbele, mpaka mwisho.

Je, hali ya mwanzo ina nguvu kiasi hicho? Watafiti Eric Johnson na Daniel Goldstein walilijibu swali hili mwaka 2003 katika jarida la Science, walipolinganisha nchi za Ulaya kuhusu uchangiaji wa viungo vya mwili baada ya kifo. Nchini Ujerumani, ambako mtu huhesabiwa si mchangiaji mpaka ajiandikishe, waliokubali walikuwa asilimia 12. Katika nchi jirani ya Austria, ambako mtu huhesabiwa mchangiaji mpaka akatae, walikuwa asilimia 99.98. Haiwezekani kwamba Waaustria wana huruma mara nane ya Wajerumani. Kilichotofautiana ni pale mtu alipowekwa kabla hajafikiri. Kwenye vifaa vya kidijitali jaribio kama hilo lilikuja Aprili 2021, Apple ilipozilazimisha programu za iPhone zimwombe mtumiaji ruhusa waziwazi kabla ya kumfuatilia katika programu na tovuti za kampuni nyingine. Watu ni walewale na simu ni zilezile, ila sasa waliulizwa kwanza. Februari 2022 kampuni ya Meta iliwatangazia wawekezaji wake kwamba badiliko hilo lingeipunguzia mapato kwa takriban dola bilioni 10 katika mwaka huo. Fedha zote hizo zilitegemea watu kutoulizwa swali ambalo wangelijibu kwa kukataa.

Mamlaka za Ulaya zililiona hili mapema. Julai 2016, mamlaka ya ulinzi wa data ya Ufaransa, CNIL, iliipa Microsoft onyo rasmi kuhusu Windows 10. Ilisema kampuni ilikuwa ikikusanya taarifa kupita kiasi, zikiwemo za programu zote zilizowekwa kwenye kompyuta na muda uliotumika katika kila moja, na kwamba namba ya matangazo iliwashwa tangu mwanzo bila ridhaa ya mtumiaji. Onyo hilo lilifungwa Juni 2017, baada ya CNIL kueleza kwamba kampuni ilikuwa imepunguza karibu kwa nusu wingi wa taarifa zinazokusanywa katika kiwango cha chini. Oktoba mwaka huohuo, mamlaka ya Uholanzi nayo ilitamka kwamba Windows 10 za matoleo ya Home na Pro, zilizokuwa kwenye vifaa zaidi ya milioni 4 nchini humo, zilivunja sheria ya data. Ilieleza kwamba mtu kuacha mipangilio kama alivyoikuta hakumaanishi kwamba ameridhia. Tuitafakari ile nusu ya Ufaransa. Kama karibu nusu ya taarifa za kiwango cha chini kabisa iliweza kuondolewa na kompyuta zikaendelea kufanya kazi, basi tangu mwanzo taarifa hizo hazikuwa za lazima.

Mfano mpya zaidi ni Recall, iliyotangazwa na Microsoft Mei 2024 kwa ajili ya kizazi kipya cha laptopu za Windows. Kazi yake ilikuwa kupiga picha za kioo kila baada ya sekunde chache na kuzihifadhi kwenye kompyuta hiyohiyo, ili baadaye mtumiaji aweze kutafuta chochote alichowahi kukiona. Picha hazikutumwa kwa kampuni, na hilo lisemwe kwa haki. Lakini wataalamu wa usalama walionyesha haraka kwamba hifadhi hiyo ingeweza kusomwa na programu haribifu iliyoingia kwenye akaunti ya mtumiaji, na ndani yake mkawa na barua, salio la benki na mazungumzo ya faragha. Tarehe 7 Juni 2024, wiki chache tu baada ya tangazo, Microsoft ilisema Recall itakuja ikiwa imezimwa na ulinzi wake utaimarishwa. Kisha ikaiahirisha, na toleo la watu wote likaanza kutoka Aprili 2025. Tusidhani kwamba tabia hii ni ya kampuni moja, wala kwamba programu huria zimesalimika. Toleo la 12.10 la mfumo endeshi huria wa Ubuntu, la Oktoba 2012, lilipeleka nje maneno ambayo mtumiaji aliyaandika akitafuta faili zake mwenyewe, ili aletewe bidhaa za Amazon. Malalamiko yalikuwa mengi, na katika toleo la 16.04 la mwaka 2016 utaratibu huo ukaja ukiwa umezimwa. Mwendo ni uleule: kwanza huwashwa, kisha watu hulalamika, mwishowe huzimwa.

Kwetu Afrika Mashariki suala hili lina sura zake. Kwanza, mara nyingi anayepita kwenye zile kurasa za kukubali si mwenye kompyuta. Ni muuzaji wa laptopu za mtumba au fundi anayeweka Windows upya, na mteja hukabidhiwa mashine iliyokwisha kujibiwa maswali yote. Pili, kompyuta moja hutumiwa na nyumba nzima. Mtoto huandika kazi ya shule, baba hujaza ritani ya kodi, mama hufungua taarifa za chama cha kuweka na kukopa, mgeni huomba kuchapisha barua ya kazi. Bofyo la mtu mmoja limewafunga wote hao, na baadhi yao ni watoto ambao sheria zinawapa ulinzi wa ziada. Tatu, intaneti ya nyumba nyingi ni kifurushi cha simu kinachogawiwa kwa hotspoti, na kila megabaiti ina bei yake. Windows 10 ilipotoka, matoleo ya nyumbani yalikuja na utaratibu wa kupakia vipande vya masasisho kwenda kwenye kompyuta za watu wengine kupitia intaneti, ukiwa umewashwa. Aliyeubuni utaratibu huo alikuwa akifikiria intaneti isiyohesabiwa kwa megabaiti. Kwa anayenunua bando la siku, kompyuta inayosema bila ruhusa inamlia hela.

Pingamizi la kwanza, na ndilo linalosikika zaidi, ni la anayesema hana cha kuficha. Mwenye hoja hii hudhani faragha ni haki ya wenye siri mbaya. Kesi ya Avast inamjibu vizuri. Programu hiyo ya bure ya kuzuia virusi imo katika kompyuta nyingi za nyumbani duniani, na watu waliiweka wakitafuta ulinzi. Januari 2020 waandishi wa Motherboard na PCMag walifichua kwamba kampuni tanzu yake, Jumpshot, ilikuwa ikiuza kumbukumbu za tovuti walizotembelea watumiaji. Avast iliifunga Jumpshot mwezi huohuo, na Februari 2024 Tume ya Biashara ya Marekani ilitangaza kwamba kampuni italipa dola milioni 16.5 na itapigwa marufuku kuuza data hizo kwa ajili ya matangazo. Kwa mujibu wa tume hiyo, data ziliuzwa kwa wanunuzi zaidi ya 100, na zilibeba dalili za imani ya dini, hofu za afya, msimamo wa kisiasa na hali ya kifedha ya watu. Anayetafuta usiku maana ya uvimbe alioushika kifuani hana hatia yoyote ya kuificha. Bado ana haki ya kuchagua nani alijue jambo hilo kabla ya mume, mke au daktari wake.

Pingamizi la pili hufuata hapohapo: taarifa hizo hazina majina. Avast nayo ilijitetea hivyo. Lakini majina yakiondolewa, mwenendo hubaki, na mwenendo humtaja mtu. Agosti 2006 kampuni ya AOL ilichapisha utafutaji wa watumiaji wake wapatao 650,000, kila mmoja akiwa amepewa namba badala ya jina. Haikuchukua muda waandishi wa New York Times wakamfikia mmoja wao, mwanamke wa jimbo la Georgia, kwa kusoma tu alichokuwa akitafuta: majina ya watu wa ukoo wake na mji wake. Mtafiti Latanya Sweeney alikwisha kuonyesha, kwa kutumia sensa ya Marekani ya 1990, kwamba tarehe ya kuzaliwa, jinsia na namba ya posta vinatosha kuwapambanua takriban asilimia 87 ya wakazi wa nchi hiyo. Kuondoa majina kunapunguza hatari, ila hakumpi mkusanyaji kibali cha kukusanya bila kuuliza.

Pingamizi la tatu lina uzito zaidi, na linastahili jibu la makini. Wahandisi husema bila taarifa za uchunguzi hawawezi kujua programu inaanguka wapi wala sasisho lipi linaharibu mashine za watu. Ni kweli: ripoti ya programu iliyoanguka humsaidia fundi aliye mbali, na aliyeituma husaidia wengine. Lakini tofauti ipo kati ya kuripoti hitilafu na kuripoti mwenendo. Kujua kwamba kiendeshi cha printa kimegoma hakuhitaji kujua mtu alifungua programu gani jana jioni kwa muda gani. Tena, wingi wa data si sawa na kusikiliza. Oktoba 2018 Microsoft ilisimamisha sasisho la 1809 la Windows 10 siku chache baada ya kulitoa, kwa kuwa lilikuwa likifuta mafaili ya baadhi ya watumiaji. Ilibainika kwamba wapo waliokuwa wameripoti tatizo hilo kabla ya sasisho kutoka, ila ripoti zao zilikuwa chache zikapita bila kuonekana. Kilichokosekana hapo ni mtu wa kuyasoma yaliyoandikwa kwa hiari na waliopoteza kazi zao. Data zaidi za mwenendo zisingewaokoa.

Liko jambo jingine linaloidhoofisha hoja ya ulazima. Microsoft yenyewe huziruhusu taasisi zenye matoleo ya Enterprise na Education kuzima kabisa taarifa za uchunguzi. Mwenye toleo la Home hawezi kushuka chini ya kile kinachoitwa kiwango cha lazima. Kama mashirika yanaweza kufanya kazi zao bila kutuma taarifa hizo, basi ulazima huo haukutokana na mashine. Umetokana na nguvu ya mnunuzi: anayenunua leseni elfu moja husikilizwa, anayenunua moja hupangiwa.

Tuje sasa kwenye wajibu wa nyumbani, na tuufuate kwa mpangilio wa uzito. Cha kwanza kuzimwa ni kinachobeba maudhui yenyewe: utambuzi wa sauti unaopitia intaneti, mafunzo ya maandishi ya kibodi, Recall kwa mwenye kompyuta hiyo, na ukaguzi wa tahajia ulioboreshwa wa Chrome, ambao ukiwashwa huyapeleka Google maneno yanayoandikwa kwenye kivinjari. Pili ni vya matangazo: namba ya utambulisho, ofa zinazomlenga mtumiaji na ufuatiliaji wa programu anazofungua. Kwenye Windows vingi vya hivi vimo katika ukurasa wa faragha na usalama ndani ya mipangilio, na kuvizima hakupunguzi kazi yoyote ya msingi. Tatu, taarifa za uchunguzi zirudishwe kwenye kiwango cha lazima, na kitufe cha kufuta zilizokwisha kutumwa kitumike. Nne, ruhusa za kamera, maikrofoni na mahali zipitiwe programu moja baada ya nyingine. Tano, itazamwe kama mafaili ya nyumbani yanapandishwa kwenye OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, na kabla ya kusitisha, mtu ahakikishe ana nakala kamili kwenye kompyuta au diski ya nje. Viongezo vya kivinjari visivyotumika viondolewe, kwa sababu kisa cha Avast kilipitia huko pia. Mwenye kutumia hotspoti aweke alama kwamba muunganisho huo unapimwa, na azime upakiaji wa masasisho kwenda kwa wengine. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari; ukaguzi huu ni daftari la nyumba, na ufanywe tena kila baada ya sasisho kubwa.

Kuna kisichopaswa kuzimwa, na hapa wengi hukosea kwa nia njema. Masasisho ya usalama yabaki yamewashwa. Kirusi cha WannaCry kilichosambaa tarehe 12 Mei 2017 kiliingia kwenye kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150 kwa kupitia ufa ambao Microsoft ilikuwa imeshatoa kiraka chake Machi mwaka huo. Waliochelewa kuweka kiraka ndio waliopoteza mafaili. Kwa sababu hiyohiyo, programu za mitandaoni zinazoahidi kuzima ufuatiliaji wote kwa bofyo moja zinahitaji tahadhari kubwa: nyingine huvunja masasisho, na nyingine zenyewe huomba mamlaka makubwa kuliko yale zinayodai kuyazuia. Lengo la kuzima ni mwenye kompyuta kuitawala mashine yake, na asiyeweka viraka anawaachia wezi utawala huo.

Mwenye kukata tamaa atauliza: kuna faida gani, ikiwa kiwango cha lazima hakizimiki, mipangilio huongezeka kila toleo, na simu mkononi inajua zaidi? Faida ipo ya aina mbili. Ya kwanza ni ya moja kwa moja: taarifa isiyokusanywa haiuzwi, haivujishwi na haiibwi. Ya pili ni ya pamoja: mwenendo wa watu wanaokataa huonekana katika hesabu za kampuni, kama ilivyoonekana kwa Meta. Hata hivyo mwenye swali hili amegusa ukweli mmoja. Juhudi za nyumba moja moja hazitoshi, na si haki kumtaka kila mzazi, mwalimu na mkulima awe mtaalamu wa mipangilio ili asiporwe.

Ndiyo maana jibu kamili limo kwenye sheria, na msingi wake upo tayari. Kanuni ya data ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, inadai ulinzi uwe ndiyo hali ya mwanzo, na tarehe 1 Oktoba 2019 mahakama ya umoja huo iliamua kwamba kisanduku kilichokwisha kuwekewa alama ya ndiyo si ridhaa. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019: kifungu cha 41 kinataka hali ya mwanzo ihusishe data zinazohitajika tu kwa kusudi husika, na sheria hiyo inawagusa hata walio nje ya nchi wanaochakata data za waliomo Kenya. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, pamoja na Tume ya kuisimamia. Itasemwa kwamba soko letu ni dogo mno kumtisha mtengenezaji wa Marekani. Lakini serikali, vyuo na shule ni wanunuzi wakubwa, na hati ya zabuni haihitaji ruhusa ya mtu. Iandikwe humo kwamba kompyuta zije kila kisicho cha lazima kikiwa kimezimwa, kwamba toleo la nyumbani liwe na uwezo wa kuzima uleule wa toleo la mashirika, na kwamba maelezo ya kinachokusanywa yaandikwe kwa Kiswahili kinachosomeka. Mamlaka za Nairobi na Dodoma zikidai hayo kwa pamoja, zitakuwa zinafuata njia iliyokwisha kuzaa matunda Ufaransa. Mpaka hapo, familia itaendelea kuzima yenyewe, na ifanye hivyo ikijua kwamba inaibeba kazi ya mtu mwingine.